Gari la moshi la Unguja: yaliyobaki na namna ya kuyatunza

Unguja ilikuwa na reli kabla ya Tanga, kabla ya Mombasa na kabla ya Dar es Salaam. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alitandikiwa njia ya karibu maili 7 kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani mwishoni mwa miaka ya 1870. Mwanzo mabehewa yalikokotwa na nyumbu (chotara wa punda na farasi). Mwaka 1881 akaagiza injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha W. G. Bagnall cha Stafford, Uingereza: magurudumu manne, yote ya kuvuta, na tangi la maji limebebwa na injini yenyewe badala ya kufuatishwa kwenye behewa la nyuma. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, na ya Mombasa 1896.

Barghash alipofariki mwaka 1888, injini na reli ziligeuzwa vyuma chakavu. Ndiyo ikawa hivyo tena kwa reli ya pili, ile ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney na kufunguliwa mwaka 1905. Hiyo nayo ilikuwa ya maili 7, upana wa futi 3, ikianzia Ngome Kongwe, ikapenya vichochoro vya Malindi na kufuata pwani kwenda kaskazini. Serikali iliichukua mwaka 1911. Magari ya barabarani yalipowachukua abiria wake katika miaka ya 1920, ikabakia kubeba mawe ya kujazia bandari, kisha ikafungwa moja kwa moja. Hakuna injini iliyowekwa.

Huwa inasemwa kwamba hewa ya bahari ndiyo iliyozimaliza. Si kweli. Chumvi inahitaji miaka mingi kuimaliza injini. Mnunuzi wa vyuma anahitaji wiki. Injini kongwe kuliko zote zilizobaki duniani, Puffing Billy ya 1813 na 1814, ipo London leo kwa sababu ilifanya kazi kwenye mgodi mmoja kwa karibu miaka 50, na ilipoachishwa kazi mwaka 1862 ikapelekwa makumbusho badala ya tanuri. Rocket ya 1829 nayo iliokoka mwaka huohuo kwa njia hiyohiyo. Kilichoziokoa ni kwamba kulikuwa na mtu wa kuzitaka siku zilipoacha kuwa na faida. Kwetu hakuwepo. Kwa hiyo anayetaka kuhifadhi historia ya reli ya Unguja leo anaanza na karatasi, anakuja kwenye njia ilipopita, na mwisho anashika chuma. Wengi hugeuza mpangilio huo, wakaishia na rundo la vyuma visivyojulikana vimetoka wapi.

Karatasi ziko Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa. Gazeti rasmi la serikali na ripoti za mwaka za idara ndizo zenye habari ngumu: zabuni, ajali, nauli, mapato, vifaa vilivyoagizwa. Usiombe "faili la reli" ukadhani umemaliza. Baada ya 1911 reli ilikuwa mali ya serikali, basi habari zake zimetawanyika katika ujenzi, bandari, fedha na hata afya, kwa kuwa njia ilipita katikati ya nyumba za watu. Andika namba ya faili na namba ya ukurasa kwenye kila nakala, siku ileile. Nakala isiyo na namba haimsaidii atakayekuja nyuma yako.

Picha nyingi za reli ya Bububu ni kadi za posta. Zikaguliwe pande zote mbili. Muhuri wa posta unathibitisha kwamba picha ilikuwepo kufikia tarehe ile, lakini hausemi ilipigwa lini. Wauzaji waliendelea kuchapa sahani zilezile kwa miaka. Zipigwe nakala kwa nukta 600 kwa inchi, rangi kamili, mbele na nyuma, kabla ya kufanya chochote kingine. Halafu hesabu magurudumu, tazama umbo la tangi, urefu wa dohani, na kama kuna wavu wa mbele wa kusukumia vitu njiani. Angalia pia maandishi yoyote ya ukutani: yakisomeka kinyume, sahani iligeuzwa wakati wa kuchapa, na kila unachosema kuhusu kulia na kushoto kwa injini kitakuwa makosa.

Sasa chuma. Mtu huja na kipande akasema ni cha reli ya Bububu, na mara nyingi anaamini anachosema. Kwanza kipime. Upana wa njia hupimwa kutoka uso wa ndani wa kichwa cha reli moja hadi uso wa ndani wa nyengine. Njia ya futi 3 ni milimita 914. Njia za zamani za bara, kama ya Tanga na ya Mombasa, ni milimita 1,000 kamili. Reli za vitoroli za mashamba ya mkonge ni karibu milimita 600. Ukipata taruma la chuma (kilalio cha reli) lenye matundu yake au mikunjo yake yote, umbali huo peke yake unatosha kukataa madai mengi. Ukiwa na kipande cha reli tu, kipime urefu na uzito. Reli zilihesabiwa kwa ratili kwa kila yadi, na ratili moja kwa yadi ni kama nusu kilo kwa mita. Kipande cha sentimita 40 kikiwa na kilo 6, hiyo ni kilo 15 kwa mita, yaani kama ratili 30 kwa yadi, reli nyepesi ya njia ndogo. Chuma kilicholiwa sana na kutu kitapima pungufu, kwa hiyo pima pia urefu wa reli kutoka kitako hadi kichwa na upana wa kitako sehemu iliyo nzima.

Ubavuni mwa reli ndiko kwenye hazina. Viwanda vilichapa jina, mwezi, mwaka na uzito kwa herufi zilizoinuka, na herufi hizo huwa chini ya kutu bila kuonekana. Usizitafute kwa brashi ya mashine wala jiwe la kusagia. Weka karatasi nyembamba juu ya ubavu, isugue polepole kwa kipande cha mkaa kilicholazwa ubavu, mchana wenye mwanga wa pembeni. Mstari mmoja wa herufi unaweza kumaliza ubishi wa miaka. Reli iliyokatwa vipande vipande kwa ajili ya kubebeka huweza kukatwa hapohapo kwenye maandishi, na vipande vingine vikabaki bila herufi, kwani yalirudiwa kwa nafasi ndefu. Basi mwenye kuuza aambiwe mapema asikate, alipwe kwa uzito wa kipande kizima na gharama ya gari. Na aulizwe kilitoka wapi hasa: uzio wa nani, shamba gani, nguzo ya nini. Kuchimba wenyewe kwenye mstari wa njia ya zamani ni jambo la kuombea ruhusa kwa idara ya makumbusho na mambo ya kale. Kipande kilichong'olewa bila kuandikwa kina chake kimepoteza nusu ya thamani yake.

Hapa ndipo kazi ya chumvi inapoanza. Hewa ya Unguja ina unyevu wa zaidi ya asilimia 70 karibu mwaka mzima, na chuma chenye chumvi ndani huendelea kuoza hata kwenye hewa kavu kuliko hiyo kwa mbali. Rangi haiizuii. Rangi iliyopakwa juu ya kutu yenye chumvi hufungia unyevu ndani, na miezi michache baadaye inavimba malengelenge. Chuma cha namna hiyo hutoa jasho: vitone vidogo vya rangi ya machungwa na kahawia hujitokeza juu ya uso, vikikauka vinakuwa maganda ya duara, na ukivichoma kwa ncha ya sindano ni vitupu ndani. Ukiviona, usipake kitu. Chumvi bado iko ndani na lazima itoke kwanza.

Inatoka kwa maji, na maji yenyewe yasiwe na chumvi. Maji ya visima vya karibu na pwani hayafai. Maji ya mvua yanafaa, lakini paa nalo lina chumvi ya kaskazi. Acha mvua za mwanzo za masika zilioshe, kisha kinga. Kipande kidogo cha chuma cha kufua au cha pua, ambacho kiini chake ni kizima, kinaweza kuoshwa kwa umeme, na njia hiyo huvuta chumvi haraka kuliko kuloweka. Beseni liwe la plastiki. Soda ya kufulia iliyo safi, gramu 50 kwa kila lita ya maji ya mvua. Usitumie magadi ya sokoni. Yana chumvi ya kawaida ndani yake, unakuwa unaingiza unachotaka kutoa. Kipande kiunganishwe na upande wa hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na upande wa chanya uunganishwe na bati tupu la chuma lililozungushwa ndani ya beseni bila kugusa kipande. Bati lisiwe la mabati ya kuezekea, kwa sababu ya zinki yake, wala la chuma kisichoshika kutu, ambacho hutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Mkondo uwe mdogo, ampea 1 au 2 kwa kipande cha ukubwa wa mkono. Ukizidisha, mapovu yanang'oa uso pamoja na maandishi uliyokuwa unayatafuta. Mapovu hayo ni hidrojeni. Kazi ifanyike nje au kwenye banda lililo wazi pande mbili, pasiwe na sigara wala jiko karibu, na chaja izimwe kwenye soketi kabla ya kugusa waya.

Inachukua siku nyingi, pengine wiki. Utajuaje kama imetosha? Kiopoe kipande, kiloweke katika maji mapya ya mvua usiku kucha, chukua maji hayo kidogo kwenye gilasi safi, tia matone machache ya asidi ya nitriki na tone la nitreti ya fedha. Maabara ya skuli ya sekondari huwa nazo zote mbili, na mwalimu wa kemia afanye mwenyewe. Maji yakigeuka meupe kama tui, chumvi bado inatoka. Badilisha maji na uendelee. Jaribu pia maji ya mvua peke yake kwanza, usije ukalaumu chuma kwa chumvi ya paa.

Baada ya hapo kila dakika ina maana. Futa, suuza kwa spiriti, kiweke juu ya bati la moto wa jua la saa saba hadi kisishikike kwa mkono. Kikiwa kimepoa kidogo, paka asidi ya tanini, gramu 100 kwa lita moja ya maji, kwa brashi ngumu, tabaka nyembamba. Iache hadi kesho yake, rudia mara mbili au tatu. Chuma hugeuka cheusi chenye ubuluu. Mwisho kipashe moto tena na upake nta ya makumbusho iliyotengenezwa kwa mafuta ya petroli, ukisugua hadi ipenye. Nta ya nyuki peke yake ina asidi yake, na sifa (mafuta ya papa) inayopakwa majahazini inashika vumbi na mchanga kisha inakuwa ngumu kuiondoa. Viachwe kwenye kazi zake. Kipande kikaguliwe kila mwaka kabla ya masika.

Chuma cha kumimina kina hatari yake ya peke yake. Kikikaa kwenye chumvi muda mrefu, chuma chenyewe hutoka na kubakiza risasi nyeusi ya penseli katika umbo lilelile. Kinaonekana kizima, hata michoro yake ipo, lakini kisu kinaingia. Kigonge kwa nyundo ndogo ya mbao: kilicho hai kinalia, kilichokufa kinatoa sauti ya kigae. Kilichokufa kisipelekwe kwenye umeme wala kisipigwe brashi. Kifungwe kwenye kitambaa chenye maji, kiwe kimelowa muda wote, hadi mtaalamu akione. Jambo hili ni la maana kuliko reli tu. Beit al-Ajaib, jumba la Barghash lililojengwa 1883 na kuporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020, lilizungukwa na nguzo za chuma cha kumimina za umri sawa na injini ya Barghash, mbele ya bahari ileile. Wanaojifunza kusoma chuma cha reli wanajifunza kusoma na nguzo hizo.

Ikitokea siku Unguja ikapata injini nzima, ya kununua bara au ya kutengeneza kwa mfano wa ile ya 1881, kuna mambo yasiyofaa kuachwa hadi ifike. La kwanza ni mahali. Kila mtu ataitaka Forodhani, na Forodhani ndipo mahali pabaya kuliko pote, kwani chumvi ya rasharasha za mawimbi ni nyingi mno karibu na maji na hupungua haraka ukienda ndani mita mia chache tu. Iwekwe ndani, chini ya paa lenye upenu mpana, kuta wazi za kupitisha upepo, juu ya reli zilizowekwa kwenye zege yenye mteremko wa kutoa maji. Isikae kwenye udongo.

La pili ni dohani. Injini nyingi za maonyesho zimeoza kutokea hapo. Mvua inaingia kwa juu, inaangukia kwenye chumba cha moshi mbele ya boila, inachanganyika na majivu na masizi ya miaka na kuwa asidi, na inakula chini ya chumba kile huku rangi ya nje ikiwa inang'aa. Toa majivu yote, sugua hadi kwenye chuma, osha, kausha, paka, halafu funika mdomo wa dohani kwa bati lenye nafasi ya hewa pembeni. Ni kazi ya siku moja. Sehemu ya pili kuoza ni chini ya tangi la maji na ya tatu ni pale bomba za shaba zinapokutana na chuma: pakiwa na maji ya chumvi, shaba inabaki na chuma kinaliwa.

Boila isiyotumika ihifadhiwe kavu kabisa. Fungua vizibo vyote vya kusafishia matope vilivyo chini, osha, pitisha hewa ya moto siku mbili, halafu weka ndani trei za chokaa isiyozimwa, kilo 1 kwa kila mita ya ujazo, na uzibe kila tundu. Chokaa tunayo, wachomaji wa mawe ya pwani wanaijua. Trei isijazwe zaidi ya nusu kwa kuwa inavimba ikinyonya unyevu, na isiguse maji wala macho. Ifunguliwe kila baada ya miezi mitatu, na iliyogeuka unga ibadilishwe. Vifuniko vya nje vya kuzuia joto vya boila za zamani mara nyingi ni asbesto, na rangi ya chini ina madini ya risasi. Asiguse mtu kabla havijapimwa. Jiwe la kusagia hugeuza vyote viwili kuwa vumbi la kuvuta.

Kuiwasha ni shauri jengine. Maji ya Unguja hupita kwenye mawe ya matumbawe na yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo hugandia mabomba ya boila, chuma kilicho nyuma yake kinapata moto kupita kiasi na kudhoofika. Mvuke wa shinikizo la bar 10 una nyuzi 184. Boila iliyokaa ipimwe unene kwa mawimbi ya sauti, ukuta kwa ukuta, halafu ijazwe maji tupu bila hewa na kubanwa hadi mara moja na nusu ya shinikizo la kazi. Ni maji, kamwe si hewa. Maji hayabaniki, basi chuma kikipasuka yanavuja na kusimama. Hewa iliyobanwa huondoka na kipande cha chuma pamoja na mtu aliyesimama mbele yake. Mkaguzi ndiye wa kusema ndiyo, na kama hasemi, injini ibaki baridi. Injini baridi iliyotunzwa ni hifadhi kamili.

Nairobi, kwenye makumbusho ya reli, iko injini nambari 5918, Mount Gelai, iliyotoka kwa Beyer Peacock katika miaka ya 1950, yenye uzito wa tani 252. Ina ukubwa usiolinganishika na ile ya Barghash, lakini anayekwenda aitazame chini: chini ya tangi, chini ya chumba cha moshi, nyuma ya ngazi. Huko ndiko kunakoonyesha inavyotunzwa.

Na kabla ya Nairobi kuna Pemba. Kiwanda cha mafuta ya karafuu na makonyo (vikonyo vyake) huendeshwa kwa mvuke, na wenye kuishika boila ndio visiwani kwetu wenye kuijua kazi hii kwa mikono. Warekodiwe wakifanya, si wakieleza. Kamera isimamishwe mahali pamoja, ionyeshe kwa pamoja mkono wa fundi, kioo cha kiwango cha maji na saa ya shinikizo, na sauti ichukuliwe safi, maana fundi wa boila husikiliza kabla ya kutazama. Virekodiwe kuwasha asubuhi kutoka baridi, namna ya kufungua bomba za kioo cha maji kuhakikisha hakijaziba, kutoa matope kwa chini huku shinikizo lipo, maji yanapoingia, na kuzima jioni. Mwishoni aulizwe swali moja: nini kinamfanya akimbilie moto. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe.